Nyumba ya Watulivu

Elisante alizikwa Ugweno, kwenye shamba la migomba juu ya nyumba ya kaka yake. Nilipanda bodaboda kutoka Mwanga hadi kule juu kwenda kumzika, ingawa hakuna aliyenialika na hakuna ambaye angeuliza niko wapi kama nisingefika. Nilitaka kuona jeneza likishuka. Nasema hivyo waziwazi kwa kuwa nimefika umri ambao sina tena haja ya kupamba maneno. Msemaji wa familia alisimama na karatasi akasoma wasifu: marehemu alizaliwa hapa, alibatizwa hapa, alisomea uuguzi msaidizi, akafungua duka la dawa Same, akaoa, akawa mzee wa kanisa. Kisha ikaja sentensi iliyonijaza mate mdomoni kama mtu anayekaribia kutapika. "Marehemu alijaliwa kipawa cha kutuliza watu," alisoma. "Walevi walioshindikana waliingia kwake wakipiga kelele, wakatoka wapole." Wanawake waliokaa mbele yangu walitikisa vichwa taratibu, kwa ile huzuni ya watu wanaosikia jambo zuri. Niliinama nikatazama vumbi kwenye viatu vyangu mpaka ile sehemu ikapita.

Baada ya maziko tulipewa chakula chini ya turubai, na mtu akaja kukaa kwenye kiti kilichokuwa kando yangu. Sikumtambua mpaka aliposema jina langu. Alikuwa Yona, aliyekuwa akiendesha lori la kubeba jasi kutoka Makanya, mwanamume aliyekuwa na mabega kama mlango. Mabega yalikuwa yamekwisha. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akaniambia sijabadilika, jambo ambalo si kweli. "Alituokoa yule mzee," alisema. "Mimi na wewe tungekuwa tumeshaoza siku nyingi." Nilitazama mkono wake ulivyoshika kijiko, na midomo yake ilivyokuwa imelowa kwenye pembe, nikajua hata kabla ya kuuliza. Nikamuuliza hata hivyo: "Kaka Yona, bado unameza?" Alitazama wali wake. "Nusu tu. Ya usingizi. Nisipomeza mwili unakataa." Nikasema, "Tangu wakati ule?" Akasema, "Tangu wakati ule," akajifuta mdomo kwa kiganja, akaendelea kula. Niliweka sahani yangu chini na sikuweza kuinyanyua tena.

Mwaka ninaousimulia ni ule niliokuwa na miaka ishirini na sita. Nilikuwa fundi cherehani pale Same, nashona sare za shule, na nilikuwa nakunywa. Jinsi nilivyofika kwenye pombe ni hadithi ya kawaida na sitaki kuwachosha nayo. Enzi hizo viroba vya pombe kali viliuzwa kila kioski, vidogo vya kuingia mfukoni mwa aproni, na mtu aliweza kulewa tangu asubuhi huku akipima kiuno cha mtoto wa watu. Nilipoamua kuacha, niliacha kama watu wanavyofikiri inaachwa: nilifunga mlango wa chumba changu nikaapa. Mikono ikaanza kutetemeka, kisha jasho, kisha nikawaona siafu wakitembea ukutani wakati ukuta ulikuwa mtupu. Nilianguka nikiwa nimekaa kwenye cherehani, mwili ukakamaa, nikauma ulimi. Walionibeba walinikuta nimelala kwenye mkojo wangu na vipande vya kitambaa cha bluu vimenigandia shavuni. Wakampigia shangazi yangu aliyekuwa akiishi Suji, naye akataka nipelekwe hospitali ya kule milimani, karibu naye.

Huko nilikutana na daktari mmoja mwanamke, mfupi, mwenye sauti ya ukali, ambaye nitamwita Daktari Upendo. Ndiye aliyenipa kidonge kile kwa mara ya kwanza, na nataka hilo lieleweke, maana watu wengi wakisikia simulizi yangu hudhani ninailaani dawa yenyewe. Aliniambia inaitwa diazepam. Alisema mwili uliozoea pombe ukinyang'anywa ghafla unaweza kumuua mtu, na kwamba kidonge hiki kinaushika mwili usianguke. Siafu waliondoka ukutani. Nililala, nikala uji, nikaweza kushika kikombe bila kukimwaga. Kila siku alinipunguzia, na muuguzi alisimama pale mpaka nimeze. Siku ya kutoka nilimwomba anifungie vichache vya kwenda navyo nyumbani. Alivua miwani.

"Hapana, binti," alisema. "Hivi na pombe ni ndugu. Ulivyoshikwa na mmoja utashikwa na mwingine. Vimemaliza kazi yake, viache hapa."

"Lakini nina wasiwasi, daktari. Moyo unanienda mbio."

"Najua. Huo wasiwasi tutauzungumza kila ukija kliniki. Na ukinywa pombe juu ya hivi, utalala, na kupumua nako kutalala. Umenielewa?"

Nilimwambia nimeelewa, nikarudi kwa shangazi. Shangazi alinipenda lakini aliniogopa. Alikuwa amesikia kilichotokea kwenye cherehani na kila nilipodondosha kijiko alitoka jikoni mbio. Wazee wa kanisa wakamwambia kuna nyumba Same, ya mzee wa kanisa mwenzao, ambako walevi wanatunzwa na kuombewa hadi wanapona. Alishukuru machozi yakimtoka. Mimi pia nilishukuru. Nilidhani nitapata watu wa kuzungumza nao.

Nyumba ilikuwa nyuma ya duka la dawa, ikitazama upande wa tambarare, mahali upepo wa Same unapoleta vumbi jekundu hadi ndani ya kitanda. Ilikuwa na vyumba vilivyopakwa rangi ya kijani kibichi nusu ya ukuta, na ukumbi mrefu wenye mabenchi na picha ya maporomoko ya maji iliyokatwa kwenye kalenda. Kilichonishtua nilipoingia ni ukimya. Ukumbi ulikuwa umejaa watu na hakuna aliyekuwa akisema. Walikaa. Mmoja alikuwa Yona, mdomo wazi, na nzi alitembea juu ya mdomo wake wa chini, akaingia, akatoka, naye hakuinua mkono. Pembeni mzee mmoja alikuwa amemwagia makande kifuani, maharage yamekauka kwenye shati. Kulikuwa na harufu ya dawa ya choo na chini yake harufu nyingine, ya nguo ambazo watu wamezilowesha na kuzikausha bila kuzifua. Elisante alinipokea kwa mikono miwili. Alikuwa mwanamume nadhifu, shati jeupe limefungwa hadi kifungo cha juu, sauti laini kabisa. "Karibu nyumbani, mwanangu," alisema. "Hapa hakuna atakayekupigia kelele."

Asubuhi baada ya uji alipita na kibakuli cha bati. Kila mtu alifungua kinywa kama kifaranga, akawekewa, akanywa maji, kisha akainua ulimi ili akaguliwe. Vilikuwa vidonge vile vile vya hospitalini. Nilivitambua. Nilimwambia Elisante kwamba daktari amenikataza kuendelea navyo, na naapa alinisikiliza kwa upole, akainamisha kichwa. "Daktari amekuona siku chache. Mimi nitaishi na wewe," alisema. "Una wasiwasi, mwanangu, nauona machoni. Wasiwasi ndio unaokunywesha. Tukiulaza wasiwasi, pombe itakosa pa kukaa." Lilikuwa neno lenye ukweli ndani yake, na ndiyo maana lilinishika. Nikafungua kinywa. Na nitasema kitu ambacho hadi leo kinanitia kinyaa: ilikuwa raha. Ile kamba iliyokuwa imefungwa kifuani mwangu ililegea, nikakaa kwenye benchi pamoja na wengine, jua likahama kutoka ukuta mmoja hadi mwingine, nami sikutaka chochote.

Tulimezeshwa asubuhi, mchana, na kabla ya kulala. Chakula kilikuwa makande karibu siku zote, na uji, na mara chache ugali na dagaa. Nakumbuka jinsi tulivyokula: polepole, tukisahau kutafuna, chakula kikivimba shavuni. Mpishi, ambaye alikuwa mke wa Elisante, alitufuta midomo kwa kitambaa kimoja, kutoka mtu hadi mtu, bila kukisuuza. Jumapili alasiri walikuja wageni, vikundi vya maombi, ndugu, mara moja hata mwanasiasa mmoja mdogo na kilo za sukari. Walisimama mlangoni na kututazama. "Tazama walivyo wapole," walisema. "Huyu si yule aliyekuwa akivunja viti pale stendi?" Walimsifu Mungu mbele yetu nasi tukatabasamu, kwa kuwa uso ukiwa umelegea huonekana kama unatabasamu. Baba yake Yona alikuja na kulia kwa furaha. Alimpangusa mwanawe mate kwa leso yake mwenyewe akasema, "Amerudi. Mwanangu amerudi." Nimewaza mara nyingi juu ya mzee yule, jinsi alivyopewa mwili wa mtoto wake akaambiwa ni mtoto.

Aliyenifanya nibaki na akili kidogo ni Mwanaidi. Tulilala chumba kimoja. Alitoka Makanya, alikuwa ameuza vitumbua kando ya barabara kuu, kwenye mabasi yanayosimama, na alikunywa gongo kutoka kwenye chupa ya chai, wateja wakidhani anapuliza chai ya moto. Familia yake ni Waislamu waliotulia pale miaka mingi, watu wenye heshima zao, na aibu ya binti mlevi ilikuwa imemkondesha mama yake. Ndugu zake walimleta kwa Elisante kwa kuwa Same ni mbali kidogo na macho ya jirani. Mwanaidi alikuwa na mdomo. Kibakuli kilipokuja alisema, "Haya, mwenye baa amefika." Alimwigiza Elisante anavyoinamisha kichwa, na mke wake anavyotufuta midomo, mpaka nikacheka kwa sauti na Elisante akaja kuuliza kama tunajisikia vibaya. Siku iliyofuata alituongezea. Alisema kucheka namna ile ni dalili ya wasiwasi.

Miezi ikaenda, na Mwanaidi akaanza kuishiwa utani. Tuliishiwa sote. Vidonge vya mwanzo havikututosha tena. Vikikawia kidogo, ngozi ilianza kuwasha kama imevaa sufu, mlango ukifungwa mtu aliruka. Tulimngojea Elisante kwa macho yaleyale tuliyokuwa tukimtazama nayo muuza pombe. Niliona Mwanaidi anajifunza kuficha kidonge kati ya ufizi na shavu, akiinua ulimi vizuri kabisa, kisha akikitema na kukifunga kwenye pindo la khanga. Nilimuuliza anaviweka vya nini. "Siku moja nitataka kulala sawasawa," alisema. Nilidhani anatania.

Siku hizo nilisikia pia mazungumzo ambayo sikutakiwa kuyasikia. Nilikuwa nimekaa chini ya dirisha la duka, mchana, nikikwepa jua, nao Elisante na mke wake, waliokuwa ndani, wakadhani nimesinzia kama kawaida. Mke alisema, "Baba, hawa watu utawapunguzia lini? Yule Yona hajui hata siku." Elisante akajibu bila hasira, kama mtu anayeeleza jinsi ya kupika. "Nikiwapunguzia watatetemeka. Watapiga kelele. Wageni wakija wakakuta kelele watasema hawajapona." Mke akasema, "Kwani wamepona?" Nikasikia kibakuli kikiwekwa mezani. "Wametulia," alisema Elisante. "Familia zao hazikuomba zaidi ya hapo." Nilikaa pale chini ya dirisha. Nilitaka kukasirika na sikuweza, hasira yenyewe ilikuwa imelowekwa. Nilichoweza ni kujitazama: khanga chafu, kucha ndefu, harufu ya kwapa langu mwenyewe. Nilikuwa nimeacha pombe. Kila mtu alisema hivyo, na ilikuwa kweli.

Sikukuu ya Idi ilipofika, mama yake Mwanaidi, Bi Zaina, alituma ujumbe kwamba anataka kumwona mwanawe. Elisante aliruhusu, nikatumwa nimsindikize, na tukapewa vidonge vya siku ile kwenye kipande cha karatasi. Makanya ilikuwa na joto la kuchoma, vumbi jeupe la jasi limekaa kwenye majani ya miti. Tulipokewa kwa furaha kubwa. Bi Zaina, mwanamke mrefu aliyevaa gauni la kijani la sikukuu, alimshika Mwanaidi mashavu yote mawili akamtazama machoni kwa muda, nikaona furaha yake inapungua kidogo, kama mtu aliyepokea mzigo akauona mwepesi. Lakini watu walikuwa wengi. Tulikula pilau. Baada ya chakula Mwanaidi aliniambia twende nyuma ya nyumba kwa binamu yake, na huko nilimwona akifungua pindo la khanga. Alitia vidonge mdomoni vyote kwa pamoja. Kisha akapokea kikombe cha plastiki kutoka kwa binamu. Harufu ya gongo ilinifikia nilipokuwa nimesimama.

"Mwanaidi, daktari alisema ni hatari," nilisema. Sauti yangu ilitoka polepole, kama ya mtu mwingine.

"Kikombe kimoja tu, Nakijwa. Ni Idi. Nimechoka kuwa benchi."

Alicheka. Kilikuwa kicheko chake cha zamani, na ningedanganya nikisema hakikunifurahisha kukisikia. Tulirudi ndani tukajilaza kwenye mkeka, katika chumba ambamo watoto walikuwa wakipita na soda. Alianza kukoroma, mkoromo mzito wa kuburuza, na wanawake wakacheka, wakasema pilau imemshinda. Mimi nilikuwa nimemeza vyangu vya mchana. Nililala kando yake, mgongo wangu umegusa wake, kwenye joto lile. Niliposhtuliwa, Bi Zaina alikuwa amepiga magoti akimtikisa ili aamke kwa sala ya alasiri. Povu lilikuwa limekauka pembeni ya mdomo wa Mwanaidi, na midomo imegeuka rangi ya jivu. Mgongo wangu bado ulikuwa na jasho lake. Nilikuwa nimelala usingizi mzuri ubavuni mwa mtu aliyekuwa akifa, na sikuota hata ndoto.

Alizikwa kabla jua halijazama. Elisante aliwahi, amevaa kofia kwa heshima ya wenyeji, akawaambia wanaume kuwa binti alikuwa na presha na kwamba moyo ulisimama. Aliongea vizuri. Nilimfuata Bi Zaina chumbani alikokaa na wanawake, nikamwomba tuongee pembeni. Nilimwambia kuhusu vidonge, kuhusu kikombe, kuhusu kibakuli cha kila siku. Alinisikiliza akiwa amejifunika ushungi mpaka kwenye nyusi.

"Mwanangu amekufa kwa presha," alisema.

"Mama, nilimwona kwa macho yangu."

"Umeona, na sasa usione. Nina mabinti wengine wa kuozesha. Mtu akifa na pombe mdomoni siku ya Idi, unajua watakavyomsema? Mwache mwanangu apumzike. Amekufa kwa presha. Umenisikia?"

Nilimsikia. Nilitoka nje na kutapika pilau yote nyuma ya choo. Elisante alikuja akanishika bega, akaniuliza kwa ile sauti laini kama nimesahau kumeza vya jioni. Kiganja chake kilikuwa wazi, kidonge kimoja kimekaa katikati. Nasimulia jambo hili kwa shida: nilikichukua nikakimeza, kwa kuwa nilijua nisipomeza nitaanguka kama nilivyoanguka kwenye cherehani. Lakini sikupanda naye gari la kurudi Same. Asubuhi nilipanda gari la kwenda Suji.

Daktari Upendo aliponiona alivua miwani tena. Aliuliza ni muda gani nimekuwa nikimeza na vingapi, nami nikamweleza, na uso wake ukawa mgumu. Nilitaka aniondolee vidonge siku ileile. Nilikuwa nikijichukia kiasi hicho. Alikataa. Alisema mwili uliozoeshwa hivi huwezi kuunyang'anya ghafla, kama vile ambavyo hukuweza kuunyang'anya pombe, na kwamba tutashuka kidogo kidogo, miezi na miezi ikibidi, naye ndiye atakayevishika. Nikamwambia habari za nyumba. Alikwenda Same mwenyewe. Aliporudi alikuwa na hasira ya mtu aliyepewa chai na biskuti. "Amenikaribisha vizuri sana," alisema. "Anasema ni vitamini na maombi. Wagonjwa wote wamesema wamepona. Na ya marehemu, bila ndugu zake kusema, nina maneno yako tu, na wewe ni mlevi, Nakijwa. Ndivyo watakavyosema." Hakulisema kwa kunitukana.

Kushuka kulikuwa kubaya. Kwa shangazi kulikuwa na baridi ya ukungu, na mimi nilihisi kama nimechunwa ngozi; jogoo akiwika nililia, mwanga wa dirishani uliniuma meno. Nilisikia harufu ya kila kitu: mafuta ya taa, mbuzi, nywele zangu. Shangazi aliacha kukimbia kutoka jikoni. Siku moja aliniambia, huku akichambua maharage, "Afadhali hivi unavyopiga kelele. Kule nilikuja kukutazama, nikaona umekaa tu. Nilirudi nikiwaambia watu umepona, lakini njiani nilikuwa naogopa na sikujua ninaogopa nini."

Mvua za vuli zilikuwa zimeanza Bi Zaina alipokuja. Alipanda kutoka Makanya peke yake na alifika na viatu vimejaa tope, akisema alikuwa akiniulizia tangu chini. Nilimwamkia, nikamkaribisha karibu na moto. Mikono yake ilitetemeka aliposhika kikombe, nami nikadhani ni baridi. Aliniuliza habari za shangazi, za mvua, za barabara. Kisha akasema, "Vile vidonge vyenu. Wewe unavipata wapi?"

Sikuelewa. Akafungua pindo la khanga yake, akanionyesha kipande cha karatasi kilichokunjwa, hakina kitu. "Baada ya msiba nilikuwa silali," alisema. "Yule mzee alikuja kunipa pole akaniachia vichache. Akasema ni vya huzuni. Vilipoisha nilimtumia mtu, naye akaniletea, kila wiki. Sasa amesema niende mwenyewe Same, eti nikae pale nyumbani kwake nitunzwe. Mimi na umri huu. Nisipomeza naona kama moyo unatoka mdomoni. Nimekuja kwako kwa kuwa wewe uliishi na mwanangu." Alikunja tena ile karatasi. "Nakijwa, tangu nianze kuvimeza sijamlilia. Nikimkumbuka ni kama namkumbuka mtu wa jirani."

Kinyaa nilichokihisi wakati ule sijawahi kukihisi tena, hata pale chini ya turubai Ugweno. Elisante alikuwa amemuua mtoto kisha akaenda na kiganja kilekile kwa mama, naye hakuona tofauti. Nadhani aliamini anafanya wema. Hilo ndilo ninaloshindwa kulimeza hata sasa.

Nilimpeleka kwa daktari. Daktari Upendo alimuuliza maswali polepole, na alipofika kwenye swali la binti, Bi Zaina alishusha ushungi hadi mabegani. "Mwanangu alikuwa mlevi," alisema. "Alimeza vidonge vya Elisante, akanywa gongo juu yake, akafa kwenye mkeka wangu mimi nikiwa napika. Andika hivyo. Na kama nitaitwa mahali, nitasema hivyo hivyo." Aliitwa, na alisema. Duka lilifungwa, nyumba nayo, na Elisante akarudi kwao Ugweno, ambako hakuna aliyejua, au aliyejua hakujali. Hata huko kufungwa hakukuwa safi. Waliokuwa ndani walirudishwa majumbani kwa siku moja, bila wa kuwashusha taratibu. Wawili walianguka kifafa, na Yona alipata duka jingine la dawa mji mwingine, kisha jingine. Daktari aliwatafuta aliowaweza. Hakuwaweza wote.

Bi Zaina alikaa Suji nasi mpaka mwisho wa mwaka. Shangazi alimnunulia sufuria yake mwenyewe, mpya, ili asiwe na shaka na vyombo vyetu, na wakawa wanabishana juu ya chumvi kama wake wenza. Tulishuka pamoja, mimi nikiwa mbele kidogo, yeye nyuma. Tulikaa jikoni tukijikuna na kutukanana kwa Chasu, lugha ya Wapare, tukamcheka Elisante anavyoinamisha kichwa. Nilimwigiza kama Mwanaidi alivyomwigiza, na mama yake alisema nimekosea, binti yake angefanya vizuri zaidi. Alitaka nimwambie kila kitu alichokuwa akisema Mwanaidi kule ndani, hata matusi. Nilimwambia.

Asubuhi moja daktari alipokuwa amempunguzia hadi karibu na mwisho, Bi Zaina alikuwa akipepeta mahindi uani. Ungo ulimtoka mikononi. Alikaa chini kwenye mahindi yaliyomwagika, akaita jina la mwanawe, kisha akaanza kulia, kilio kikubwa cha kutoka tumboni, kisicho na haya, kilichovuka migomba na kwenda hadi nyumba za upande wa pili. Nilitaka kumshika, shangazi akanizuia kwa mkono. Tulimwacha alie. Baada ya muda majirani walianza kufika, wanawake wamejifunga khanga kiunoni, wanaume wakifuata nyuma, na mmoja akaniuliza kwa sauti ya chini kama kuna msiba.

"Ndiyo," nilisema. "Upo."

Wakaingia uani, wakakaa naye chini.